Mwezi Uliochomoza Ukiwa Tumboni

Calidonia, Jiji la Panama
28 Juni 1992

Mjomba Maninape,

Shikamoo. Nakuandikia nimekalia ndoo iliyopinduliwa, maana kiti chetu amekilalia mume wangu Atilio, ametoka zamu ya usiku jikoni hotelini na bado ananuka vitunguu. Sote wazima. Mimi mzima wa kusema tu: mimba hii inanikaa mgongoni kama mzigo wa ndizi mbichi, na miguu imevimba hadi viatu vya Atilio vinanibana. Mwambie Mama, dada yako huyo anayeogopa ndege, kwamba Oktoba namtaka hapa hata kwa kuogelea.

Binti yetu Olodili anakusalimu na anauliza kama bado unaiba kwenye dhumna. Ametimiza miaka kumi, amerefuka, mweupe vilevile, na macho yake yanacheza vilevile. Daktari wa kliniki aliandika "ualbino" kwenye karatasi yake. Nikamwambia, daktari, kwetu visiwani tunaita sipu, kila ukoo unao wake, na hatujawahi kuhitaji karatasi. Alicheka. Ni mtu mwema.

Mwalimu wake ndiye mtihani. Anasema mtoto akisemeshwa anageuza uso pembeni na kuinamisha kichwa begani, kwa hiyo ana dharau. Nami kila asubuhi nikimchana nywele namwambia, nyoosha kichwa mwanangu, nyoosha. Ananyoosha. Nikigeuka kimeinama tena. Nimechoka kukinyoosha kichwa kisicho changu.

La kukuchekesha ni hili. Jirani wetu wa chini, Bibi Enid, anafuga sungura uani, na mmoja ni mweupe pepepe, macho mekundu kama punje za komamanga. Olodili habanduki pale. Juzi kaja mbio: "Mama, yule mweupe kabla hajaruka anapeleka kichwa huku na huku. Wenzake wa kahawia hawafanyi hivyo. Anapima, Mama. Haoni mbali kama mimi, ndiyo maana anapima." Bibi Enid akabaki mdomo wazi: "Bibie, nafuga sungura tangu sijaolewa, na huyu nilidhani ana kichaa."

Usiku ule wa kupatwa, mwezi ulipoliwa na joka, tulifunga madirisha kama inavyotakiwa. Nilikuwaza wewe. Tangu Mzee Gabino atutoke, sipu aliyebaki kisiwani ni wewe tu. Ilikuwaje huko nje peke yako?

Mpwa wako,
Briseida


Masardub
20 Julai 1992

Mpwa wangu Briseida,

Marahaba, na marahaba ya pili ni ya huyo aliye tumboni. Barua yako ilikuja na meli ya nazi, ikazungushwa visiwa vyote kabla ya kufika kwangu, kwa hiyo imetembea kuliko mimi. Dada yangu mzima. Tunagombana kila siku, ndiyo dalili ya uzima wake. Mvua nyingi. Mwambie Olodili siibi kwenye dhumna. Ninakumbuka tu kuliko wenzangu.

Umeuliza ilikuwaje. Ilikuwa kama siku zote. Joka liliushika mwezi, sagla wetu, mkuu wa kisiwa, akatangaza, wakubwa kwa wadogo wakaingia ndani kwenye bembea zao, mioto ikafunikwa, na sipu akatoka nje na upinde. Tofauti ni kwamba zamani tulikuwa watano, tukitaniana nani analenga kama bibi kizee. Safari hii nilikuwa mimi na kaa wa ufukweni. Nikapiga, nikapiga, joka likatapika. Mwezi upo, umeuona mwenyewe. Asubuhi mishale miwili ilikutwa imejichoma kwenye ukuta wa shule, lakini huo ni upepo.

Sasa nisikilize. Mwalimu wa hapa kasoma kwenye kalenda yake kwamba tarehe tisa Desemba joka litarudi, na safari hiyo haliji kuuma kipande. Litaumeza mwezi wote. Mtu mmoja hatoshi, na mtu mmoja mzee ndiyo kabisa. Mlete Olodili. Upinde wa Gabino ninao, ni mwepesi, utamfaa.

Kuhusu kichwa chake, kiache. Mimi changu kimeinama kushoto tangu utotoni, na marehemu mama alikinyoosha hadi akazeeka. Kikiinama, macho yanaacha kucheza na vitu vinatulia mahali pake. Kila mmoja wetu ana upande wake. Huyo sungura amesoma kuliko mwalimu.

Nimemshonea Olodili mola, kitambaa chetu cha kupamba kifua cha blauzi, ya kaa wawili wanaogombana. Imo ndani ya kifurushi, kaa mmoja ni dada yangu.

Mjomba wako,
Maninape


Calidonia
9 Agosti 1992

Mjomba,

Shikamoo. Kifurushi kimefika, pamoja na kakao, pamoja na yule samaki mkavu ambaye jengo zima lilijua kwamba amefika. Tumekula na ndizi na tui, Atilio akalamba sufuria kama hafanyi kazi hotelini.

Hapana.

Nimeliandika peke yake ili ulione vizuri. Desemba ni mitihani. Desemba nitakuwa na kichanga kifuani. Na sitamsimamisha mwanangu gizani ukingoni mwa bahari, wakati mimi mama yake na nyanya yake haturuhusiwi hata kuchungulia. Wewe unashika upinde tangu sijazaliwa, utaweza. Usinikasirikie, Mjomba. Nakupenda, na jibu ni hapana.

Mola ni nzuri, Olodili analala nayo. Ila mishono yake naiona. Mola zako zote nilizovaa tangu usichana sikuwahi kuona mshono hata mmoja. Wanawake wa Masardub walikuwa wanazigeuza ndani nje wakiutafuta, wanakutukana kwa wivu: "Mwanamume huyu anashona kwa mate." Na barua yako imechukua kurasa nne kwa maneno ambayo zamani yangeenea ukurasa mmoja. Kuna jambo?

Huku hakuna jambo. Shule inakwenda vizuri.

Briseida


Masardub
30 Septemba 1992

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nimenuna, na mimi nikinuna nanuna kwa utaratibu.

Dada yangu kila siku anafunga mzigo wa kuja kwako na kila siku anaufungua. Sagla amemwambia ndege ya kupanda ni kama mwari tu, yule mla samaki, ila wa bati. Akajibu, "Na wewe umeshawahi kuingia tumboni mwa mwari?" Lakini atakuja.

Ule uzi ulikuwa mbaya. Wakolombia siku hizi wanatuuzia uzi mnene. Na mwandiko mkubwa ni heshima kwa msomaji.

Umekataa, nimesikia. Mtoto ni wako. Ila kama huna mtoto wa kunipa, basi nitumie sungura. Macho mekundu anayo, na kupima anajua. Nitamfundisha upinde hadi Desemba.

Maninape


Calidonia
25 Oktoba 1992

Mjomba,

Shikamoo, kutoka kwangu na kwa Braulio, aliyezaliwa Jumapili iliyopita kabla mkunga hajavua koti. Nywele nyeusi tii, sauti ya honi ya meli ya nazi. Mama alishuka kwenye ndege akiwa amefumba macho na mpaka leo anadai hakupanda. Bila yeye ningekuwa nimelala sakafuni. Nikisema silali, ujue siongezi chumvi: jana nimeweka chumvi kwenye kakao na sukari kwenye supu, na Atilio, maskini, vyote kavimaliza kimya.

Barua yako Olodili aliisoma kwa sauti, na tulipofika kwa sungura tukacheka hadi Bibi Enid akagonga dari kwa ufagio. Kisha mtoto akaikunja barua. Akasema, "Lakini Mama, sungura hana vidole." Nikasema ndiyo, ni utani. Akasema, "Najua ni utani. Nauliza kwa nini Babu anataka mtu wa kupima."

Mimi mtu mzima sikuliona hilo.

Nikamgeukia Mama. "Mama, Mjomba anaona?" Mama akainuka akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Basi sitakuuliza tena, na sitaki habari za uzi. Olodili atakuja na Mama wiki ya mwisho ya Novemba. Yeye mwenyewe ameomba, na mimi nimekubali nikiwa nimechoka, kwa hiyo usinipe muda wa kupumzika nikabadili mawazo. Haya ndiyo masharti yangu. Hatoki nje bila kofia na mikono mirefu. Mchana hapandi mtumbwi, hata kama wenzake wote wamepanda na wanamwita mwoga. Mafuta ya jua yamo kwenye mfuko wa bluu, apakwe na masikioni, pale ndipo wote mnasahau. Na usiku huo mlango wa Mama usitiwe komeo. Desturi inasema Mama akae ndani. Haisemi mlango ufungwe.

Mitihani nitazungumza na mwalimu.

Briseida


Masardub
27 Novemba 1992

Mpwa wangu Briseida,

Marahaba nyingi. Wamefika salama, dada yangu kafumbua macho alipokanyaga mchanga. Mtoto ametupamba nyumba kwa maswali. Kofia anavaa, masikio yanapakwa, na upinde wa Gabino haumwachi hata mezani. Analenga nazi iliyowekwa juu ya jiwe. Juzi alilenga nazi akapata sufuria ya jirani. Jana alipata nazi.

Sasa nitakuuliza na mimi, na sitaki habari za uzi. Nani kapaka rangi nywele za mtoto huyu?

Alipovua kofia mbele ya watu, nywele chini nyeupe, juu nyeusi, kichwa kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka. Wengine walicheka, na yeye akacheka nao kidogo. Lakini jioni mambo yalifika nyumba ya mkutano. Wakasema, huyu ni sipu gani mwenye nywele nyeusi? Dada yangu akawaambia, "Joka likija mliulize kama linachagua nywele." Ndipo sagla akasema kwa upole, na unajua upole wake ulivyo mzito: "Sina shaka na ngozi ya mtoto. Nina shaka na nyumba alikotoka. Mtoto aliyefichwa na mama yake kwa aibu hatujawahi kumtuma nje usiku kama ule, kwa sababu ataiona aibu ile ile kule juu angani. Mama yake aseme neno. Tutalisoma hapa mbele ya watu."

Briseida, sikukasirikii. Nataka kuelewa tu. Mtoto nimemuuliza, kasema, "Muulize Mama." Ametufungia mdomo, kama wewe.

Rubani aliyewaleta anarudi huku Ijumaa ijayo. Andika upesi. Bila neno lako nitatoka peke yangu, nawe sasa unajua maana yake.

Maninape


Calidonia
2 Desemba 1992

Kwa Mjomba Maninape, na kwa Sagla, na kwa wazazi wote mliokaa nyumba ya mkutano, na kwa akina mama mlioko nyuma mnashona huku mkisikiliza,

Shikamooni. Najua atakayesoma ni mkalimani wa Sagla, naomba asome polepole, nami nimeandika mtoto akiwa titini, mistari imepinda.

Nywele nimepaka mimi, kwa mikono yangu, kila mwisho wa mwezi. Na nilimdanganya Mjomba niliposema huku hakuna jambo.

Huku Calidonia kuna akina mama wanaouza tiketi za bahati nasibu njiani, na namba zinatoka Jumatano na Jumapili. Mtu mmoja alimgusa mwanangu nywele, akashinda. Basi ikawa habari. Kila Jumatano na kila Jumapili, nikitoka na Olodili kwenda sokoni, watu wananyoosha mikono. "Samahani mama, kidogo tu." "Mama, mwache mtoto anigusie hii tiketi." Wengine hawaombi. Hakuna aliyemtukana, walimpenda sana, na yeye akaacha kutoka nje. Shuleni wenzake nao wakaanza kumgusa kabla ya mtihani. Akaanza kulala kitandani na shuka kichwani mchana kutwa, akitoka kwenda kwa sungura tu, kwa sababu sungura hachezi bahati nasibu.

Nikanunua rangi. Siku ya kwanza alitembea hadi sokoni na kurudi, na hakuna mkono hata mmoja. Akala sahani mbili.

Sagla, umeuliza kama nilimficha kwa aibu. Mwavuli haumfichi mtu, unamwezesha kupita. Ninyi mnajifungia ndani usiku mmoja ili sipu apate kutoka. Mimi nilimfunika kichwa kila siku ili huyu wangu apate kutoka. Kama hilo ni kosa, nitalijibu nikija, mbele yenu, mtoto mgongoni. Lakini aibu mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na uchovu. Watu wengi huchanganya hivyo viwili wakiviona usoni mwa mwanamke.

Na neno langu ni hili: atoke.

Briseida, binti wa Rutilia


Masardub
12 Desemba 1992

Mpwa wangu Briseida,

Marahaba. Anayeandika ni Olodili, mimi nasema tu, maana mimi sasa naandika herufi kubwa hadi karatasi inakataa. (Ni mimi, Mama. Shikamoo. Babu amelala kwenye bembea na anajifanya mkubwa.)

Barua yako mkalimani aliisoma mara mbili. Mara ya pili aliombwa na akina mama, kwa ajili ya bahati nasibu. Sagla akasema, "Mwavuli." Akatikisa kichwa. "Mwavuli. Atoke." Mkutano ukaisha, watu wakaenda kulala.

Sasa siku yenyewe. Jioni jua lilipokaribia kuzama, sagla akatangaza, wote wakaingia ndani. Tukasimama ufukweni mimi na huyu mtoto, kila mtu na upinde wake, tukingoja mwezi utoke baharini ukiwa mzima, joka lije, tulipige. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Juni, na hivyo ndivyo ilivyokuwa maisha yangu yote. Kwanza mwezi, kisha joka.

Jua likazama. Mwezi haukutoka. Giza likaingia, na mwezi hakuna. Mimi najifanya natazama, nasema, "Kuna wingu, subiri." (Babu alikuwa anatazama upande wa jiko la mwalimu.) Huko ndani watu wakaanza kuchoka. Nikasikia mlango. Nikasikia jirani anamwambia mumewe, "Kalenda ya mwalimu ni ya mwaka jana, toka ukanunue mafuta ya taa." Kufumba na kufumbua watu wako nje na taa zao, watoto wanakimbizana, na sagla mwenyewe katoka na kikombe cha kakao, anamuuliza mwalimu, "Hesabu zako umejifunzia wapi?" Mwalimu anaapa ni leo, ni leo.

Hapo huyu mtoto akanivuta shati. Acha nimwache aeleze.

(Mama, taa zao zilikuwa zinanichoma macho, nikawapa mgongo. Nikainamisha kichwa upande wangu wa kulia mpaka macho yakatulia. Halafu nikafanya kama sungura, nikapeleka kichwa huku na huku polepole. Juu ya bahari kulikuwa na kitu cha duara, rangi ya kahawa iliyobaki chini ya kikombe. Nyota zilikuwepo pembeni yake lakini pale katikati hazikuwepo. Nikamwambia, Babu, mwezi umeshatoka. Umetoka umeshamezwa. Uko tumboni. Na watu wote wako nje.)

Briseida, nina umri huu wote, sijawahi kusikia mwezi uliochomoza ukiwa tumboni. Nikaanza kupapasa mishale. Lakini mwanao hakunisubiri. Aliwageukia watu na taa zao akapaza sauti, na hiyo sauti ndiyo anayo Braulio, sasa najua inatoka wapi: "Ingieni ndani. Nyote. Umeshaliwa, uko pale. Zimeni taa. Na wewe Sagla." Kisiwa kizima kikakimbia. Sagla aliacha kiatu kimoja nje lakini kakao haikumwagika. Dada yangu mlango wake ulikuwa wazi kama ulivyoagiza, wakaingia humo watu wa nyumba tatu, mpaka sasa anawatafutia lawama.

Tukapiga. Yaani alipiga, na mimi nikapiga pale aliponielekeza. Alinishika kiwiko: "Juu kidogo, Babu. Kulia. Hapo." Hivyo hivyo nilivyomshika Gabino miaka yake ya mwisho, na watu hawakujua.

Umetaka kujua naona kiasi gani. Naona tofauti ya mchana na usiku, na mtu akisimama mlangoni naona kwamba mlango umejaa. Juni sikuuona mwezi. Niliona taa ya shule nikaipiga. Sikusema, kwa sababu sipu asiyeuona mwezi ni mzee wa kawaida tu mwenye ngozi inayoungua. Sasa nimesema, na mwandishi wangu hajacheka. (Nilicheka kidogo, ukuta wa shule bado una matundu.)

Joka lilikaa nao muda, kaidi kweli. Mishale ilituishia, akabaki na mmoja. Akauinamishia kichwa. Nikasikia kamba. Nikasikia yeye kavuta pumzi, akasema, "Babu, kuna uzi mweupe pembeni."

Nikamwuliza, uzi mnene au mwembamba?

Akasema mwembamba, kama wako wa zamani.

Anarudi na rubani keshokutwa. Dada yangu anabaki, amesema ndege moja inatosha kwa mwaka.

Mjomba wako Maninape, kwa mkono wa Olodili (ambaye hajanyoosha kichwa tangu afike)


Calidonia
22 Desemba 1992

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii Mama atakusomea, kwa hiyo Mama, shikamoo na wewe, na usiruke mistari.

Mtoto amefika, mrefu zaidi, ananuka moshi na nazi, masikio hayakuungua. Nimeyakagua kabla ya kumkumbatia, kisha nikamkumbatia hadi Braulio akalia kwa wivu.

Na mimi nikusimulie usiku wangu. Nilifunga madirisha mapema, nikaweka shuka juu ya pazia, nikakaa katikati ya chumba na mtoto mapajani. Atilio alirudi kutoka kazini mbio, kajifunika kichwa kwa gazeti, watu njiani wakidhani mvua inanyesha kwake peke yake. Chini, jengo zima lilikuwa uani linatazama juu. Bibi Enid ananiita: "Bibie, njoo uone, mwezi umepotea." Nikasema siwezi. "Unaumwa?" Siumwi. "Basi njoo, jambo hili si la kila siku." Nikajibu kupitia dirisha lililofungwa kwamba kwetu hatutazami. Akaguna, akaniacha.

Nikakaa. Nilihesabu makosa yangu yote kama mama, yalikuwa mengi, nikasinzia katikati. Nikaamshwa na kelele za uani, na Bibi Enid anapiga makofi: "Unarudi. Bibie, unasikia? Upande mmoja umeanza kung'aa, unarudi."

Nikamwambia, "Najua. Ni mwanangu huyo."

Halafu nikamsikia anamwambia jirani, "Maskini, hajalala tangu ajifungue."

Jumatatu nilikwenda shuleni mwenyewe, mtoto mgongoni, mola ya kaa kifuani, mishono na vyote. Nilimweleza mwalimu habari ya kichwa na macho. Akaanza kusema, nikamwambia, mwalimu, kwanza umwone sungura. Na kweli alikuja, Bibi Enid akamwonyesha kama vile yeye ndiye aliyegundua. Mtihani Olodili ataufanya Januari. Sikuomba, niliambiwa.

Chupa ya rangi bado ipo rafuni. Nilimuuliza, tupake? Akasema bado anafikiri, na kwamba yeye ndiye atakayeamua, Jumatano kwa Jumatano. Jumatano iliyopita alitoka na njiti yake ya kiberiti kichwani hivyo hivyo. Mwuza tiketi mmoja akanyoosha mkono. Olodili akamwambia, "Mama, kichwa hiki si cha tiketi. Hiki kina kazi nyingine." Yule mama akarudisha mkono akaomba radhi. Nikanunua tiketi kwake kwa furaha. Hatukushinda.

Ndani ya bahasha kuna picha ya shule. Mama, mpe aishike, kisha mweleze. Wenzake wote wamenyoosha vichwa kama mishumaa. Mpiga picha alimwambia yule wa pembeni, msichana wa nywele za rangi mbili, nyoosha kichwa. Akakataa. Mpiga picha akanitazama mimi, nilikuwa nimesimama mlangoni na Braulio.

Nikamwambia, piga hivyo hivyo. Anakuona.

Mpwa wako,
Briseida